Pua Imekufa, na Dada Anakunywa Maji ya Tangi Langu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie maana nimefika mahali sina wa kumwambia. Mimi nauza matangi ya viwandani yaliyotumika, pamoja na mashine za kuchujia maji na za kutenganisha mafuta na maji, kiwanda kikifungwa mimi ndiye wa kwanza getini, na wenzangu wananiita Pua kwa sababu kwetu hakuna kipimo kingine, muuzaji anaingiza kichwa ndani ya tangi, ananusa, akisema "linanyweka" basi mteja anatia maji, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyebisha neno langu, lakini mwaka juzi niliugua homa kali, nikapona, harufu haikurudi, sisikii kitunguu, sisikii mafuta ya taa, nikamwambia mke wangu peke yake, kazini nikaendelea kuingiza kichwa na kukunja uso kama zamani, maana Pua asiye na pua atakula nini.

Miezi mitatu iliyopita nilinunua matangi mawili pacha ya plastiki kwenye bohari moja, mlinzi akasema yalikuwa ya maji, nikanusa, nikasema yananyweka, moja nikampelekea dada yangu mkubwa aliyenilea mama alipofariki, ana wapangaji wanne na bomba lao hutoa maji mara mbili kwa wiki, alifurahi akaniombea dua mbele ya watu wote. Juzi fundi wa kuchomelea akaja kutazama lile la pili, akaingiza kichwa, akakitoa machozi yanamtiririka, akasema, "Pua, hii si dawa ya kuulia wadudu? Wewe hukusikia?" Nikacheka, nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Mshauri, kitinda mimba wa dada huu mwezi wa pili anatapika, anatetemeka, mate yanamtoka, na hospitali wanamtibu taifodi. Mke wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nafikiria nibadilishe tangi kimyakimya, nimwambie dada nimempatia kubwa zaidi. Je, nitakuwa nimekosea?

Pua

JIBU

Ndiyo, utakuwa umekosea, na kila kukicha unakosea upya. Barua yako ina tarehe ya siku tisa zilizopita. Siku tisa umekaa unasubiri gazeti, bwana, na dada yako anachota.

Kupoteza harufu ni maradhi, na kwa hilo pole sana, sikucheki. Najua jina la kazini linavyouma kulipoteza. Lakini tangu fundi alipotokwa na machozi, shida yako si pua tena. Ulijua ukanyamaza. Na mkeo mwambie kombe analotaka kulifunika kuna watu wananywea.

Hilo la kubadilisha kimyakimya ndilo baya kuliko yote. Tangi jipya halitamwambia daktari kitu. Anatibu taifodi kwa sababu hakuna aliyemtajia sumu, na mtu pekee anayeweza kumtajia ni wewe. Ukinyamaza, mtoto atakufa akimeza dawa za ugonjwa usio wake.

Kwa hiyo weka gazeti chini. Nenda kwa dada, funga koki kwa mkono wako, waambie wapangaji wasinywe wala wasipikie maji hayo. Mchukue mtoto na mama yake, ukasimame mbele ya daktari useme tangi ulilompelekea dada lilikuwa na nini, kisha mbane yule mlinzi mpaka akupe jina la dawa. Lile pacha litoboe. Usijidanganye na sabuni, plastiki ikishanywa sumu haiitapiki. Dada huenda asikusamehe, na usimwombe msamaha mtoto akiwa bado kitandani, utamchosha bure.

Hukuandika anwani. Ningeipata, ningekwenda mwenyewe. Ukurasa huu una desturi ya kubadilisha majina ya wanaotuandikia. Lako nimeliacha lilivyo, ili yeyote aliyenunua tangi kwa Pua afunge koki leo, na dada yako, kama ni msomaji wetu, ajue.