Vidole vya Hajira

Tukuyu, 6 Machi 2006

Kaka Kasim,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mama ana mafua. Joto la Dar unalionaje?

Kaka, nimekasirika. Tovuti ya wale wafadhili wa masomo ya uuguzi imeifungia kafe yetu nzima ya intaneti. Niliwajazia fomu wasichana wa Masukulu na Ikuti mmoja baada ya mwingine, chapuchapu, dakika zisiwamalizie hela. Nilipofika kwa Tulia, msichana wa Ikuti, na kwangu mwenyewe, ikaandika eti sisi ni mashine. Mashine! Mwisho ni tarehe thelathini na moja. Nenda ofisini kwao ukawaambie sisi ni watu.

Mdogo wako,
Hajira

Dar es Salaam, 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mpe mama pole. Mlinzi wa ofisi yao ni mkali kuliko hiyo tovuti, hata getini sikupita. Nitumie majibu yako nikujazie huku, yaishe. Huyo Tulia atajaribu mwakani.

Kaka yako,
Kasim

Tukuyu, 20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama amepona.

Sitaki. Tulia anakuja kwa miguu kutoka Ikuti, matope hadi magotini. Nitamtazamaje usoni? Rudi, na usiondoke mpaka wakueleze kosa letu.

Mdogo wako,
Hajira

Dar es Salaam, 26 Machi

Mdogo wangu mbishi,

Hujambo? Nimeng'ang'ania kwenye benchi lao mpaka wakanichoka. Fundi wao anasema fomu zote zilijazwa kwa kasi ileile, kutoka sehemu moja, ndiyo maana mtambo wao ukadhani ni mashine ya matapeli. Amewafungulia. Kila mtu ajaze yake, taratibu. Wewe usiguse!

Kaka yako,
Kasim

Tukuyu, 31 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Hatujambo kabisa.

Tulia alitafuta herufi mojamoja kama anayechagua mchele. Mikono ilikuwa inaniwasha, nikaikalia. Mzee Mansuri, mwenye kafe, akasema leo hahesabu dakika. Jioni ndipo tovuti ikaandika: Imepokelewa. Tulia akaruka akinishukuru, "Ndaga fijo, dada!", kiti kikaanguka.

Zamu yangu ikafika na muda unayoyoma, nami nimekatazwa haraka. Tulia akanishika mkono wa kushoto akaung'ang'ania, nikaandika kwa kidole kimoja mpaka mwisho. Na yangu imepokelewa.

Mdogo wako, mtu kamili,
Hajira