Mkono wa chuma wa kaka yangu Shomari

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Nakusalimu wewe na kuku wangu. Wao wape chakula kwanza. Mimi mzima ila situlii. Nilikuja huku Bagamoyo kwa siku tatu kumwona kaka yangu Shomari, na leo ni ya tisa. Ule mkono wa chuma aliotengenezewa, baada ya baruti yake ya kuvulia kumkata wa kwake, haushiki samaki. Asiposhika hawezi kupara, na asipopara sokoni atakaa barazani mpaka aoze.

Fundi amekuja mara tatu kukaza springi. Kila akikaza, yule samaki changu wa kujaribia anachomoka na kuruka uani kwa jirani. Jana nikamwambia, "Unaongeza nguvu za nini? Chuma hicho kinateleza, hakina ngozi."

Akasema, "Bibi, huu ni mtambo."

"Na mimi nilishika samaki kabla mama yako hajaolewa. Legeza."

Akalegeza, kanuna. Nikakata kipande cha gunia, kama kile ninachoshikia samaki mwenyewe, nikavivika vile vidole viwili vya chuma nikashona. Changu akatulia kama amelala. Shomari hakunishukuru. Aliomba kisu.

Sasa gunia linalowa na kunuka. Chini ya kitanda changu pana mpira wa ndani wa baiskeli ya marehemu babu yako. Mpe dereva wa basi la Bagamoyo, wala usimpe mwingine. Mpira ukifika tu naushona mahali pa gunia, narudi.

Mungu akulinde, na nywele hizo suka.

Bibi yako