Nyasi za Baba Nilizozilima

Mdogo wangu Rehema,

Pokea salamu kutoka kijijini kwetu Ngao; nakuandikia nikiwa na tope hadi magotini.

Unaikumbuka njia ya maji ya mvua ya baba pale shambani, pana na isiyo na kina kama sinia, yenye nyasi alizokataza zisiguswe? Kabla hatujahama niliilima nikapanda mahindi. Ulinionya, nikakucheka.

Leo binamu yetu Komora amenipeleka shambani. Akanitania, "Mzee, msalimie mwanao. Umeona alivyokua?" Mwana huyo ni korongo ambalo maji yamelichimba pale nilipolima; linanizidi kimo, na limebakisha hatua sita kufikia kaburi la mama.

Tumeshinda tukichonga kingo zake zilale mteremko na kupanda nyasi zishike udongo. Komora anasema zisiposhika kabla ya masika, itabidi tumhamishe mama.

Nisamehe, Rehema. Uwe na afya, na uziombee nyasi.

Kaka yako