Sahani ya Salim

Jumatatu, 6 Oktoba

Baridi imeingia. Nimefika Kenton, huku London, kabla ya saa mbili, basi lilikuwa na nafasi, nikakaa. Bibi Sugitani alikuwa bado amelala. Nimewasha hita, nimeanika nguo zake, nimepanga dawa. Kazi hii ya kutunza wazee naipenda. Sisemi mbele ya wenzangu, wataniona najipendekeza, lakini naipenda.

Leo nimefanya kioja. Kwenye pembe ya meza palikuwa na bakuli dogo la wali, juu yake biringani za kukaanga, na glasi ya maji. Vimepoa. Nikadhani Bibi kasahau chakula chake cha usiku. Kwetu Mombasa chakula hakitupwi. Nikakipasha, nikasema bismillahi, nikala chote. Kitamu pia.

Bibi akatoka chumbani, akaliona bakuli tupu, akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe nimekula chakula cha maiti.

Dereva wa teksi, aliuawa huko kwao Japani miaka mingi nyuma. Bibi aliandika kitabu juu ya kifo chake, na kila mwaka siku yake ikifika humpikia alichokuwa akikipenda. Ana vitabu vingi vya namna hiyo, vyote vya mauaji ya kweli, na kila marehemu ana siku yake na chakula chake. Alikuwa haandiki neno juu ya muuaji kabla hajajua aliyeuawa alikuwa akila nini. Ndivyo alivyofanya kazi.

Nimerudi nyumbani tumbo linanisuta.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Mama, Mombasa. Nikamwuliza kama nimekula cha mizimu. Akauliza, ulisema bismillahi? Nilisema. "Basi umekula wali." Mama hana maneno mengi.

Nuru, binti yangu, amemtafuta Bibi kwenye simu. Kanieleza kwa Kiingereza, ndiyo kawaida yake. Kumbe Bibi alikuwa mtu mkubwa. Vitabu vyake vimefanywa filamu, wauaji walimwandikia kutoka gerezani. Na mimi ndiye ninayemkata kucha za miguu. Nimejiona mkubwa kidogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bibi ameniuliza kama nami nina mtu wa namna hiyo. Mdomo huponza kichwa. Nilikuwa namenya viazi, mikono ina kazi, nikajikuta nasema.

Nimemwambia habari ya kaka yangu Salim. Alidungwa kisu nje ya duka letu. Aliyemdunga tunamjua, Athumani, mtoto wa nyumba ya ubavuni. Walikua pamoja. Waligombana kwa upuuzi, zamu ya kupanda pikipiki. Athumani akatoroka siku hiyohiyo, hajaonekana tena. Kesi ikafa. Mama yake, Bi Zena, bado anaishi palepale. Na mama yangu, kila siku ya Salim ikifika, hupika mbaazi za nazi na mahamri, chakula alichokipenda Salim, na sahani ya kwanza humpelekea Bi Zena.

Bibi aliacha chai yake. Akaniomba niseme tena hilo la sahani.

Nikasema tena. Nikasema pia kwamba mimi silipendi. Sijalipenda hata siku moja. Mtu kazaa muuaji, unampelekea mahamri? Nilikuja huku na hasira hiyo na ipo mpaka leo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemkuta Bibi yuko macho, kavaa, kajipaka rangi ya mdomo. Penseli zimechongwa. Kwa umri ule, na macho yale, hajaandika kitu tangu nimjue.

Anataka kuandika kitabu cha Salim. Cha mwisho, anasema. Lakini ana sharti lake: haandiki mpaka mfiwa akubali, na mfiwa mkubwa ni Mama, siyo mimi. Mama akikataa, basi. Hilo hajalivunja maisha yake yote.

Nimefurahi mno. Nataka kiandikwe. Salim alikufa na mtaa ukanyamaza. Kila mtu aliona, hakuna aliyesema. Nataka watu wa mbali walisome jina lake. Nataka na la Athumani lisomwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijampigia Mama. Jana nilisema leo, leo nasema kesho. Namjua. Kati yake na Bi Zena kuna ukuta mmoja wa uani, na wazee wale wawili ndio wanaoamshana alfajiri. Kitabu kikitoka, hata kwa Kijapani, habari itafika. Wajukuu wa Bi Zena wana simu.

Na huku Bibi anazidi kunawiri. Leo kala samaki mzima. Kaomba tutoke, tukaenda hadi bustanini na kurudi bila kiti cha magurudumu. Ananiuliza Salim alikuwa akicheka vipi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikimletea hapana, nitamzima. Nikimwambia ndiyo bila kumwuliza Mama, nitakuwa nimemwibia mama yangu.

Naogopa. Nalala vizuri, nakula vizuri, lakini naogopa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimepiga. Nimeeleza yote, nikatia chumvi kidogo upande wangu. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza huyo bibi ana watoto. Nikasema hana.

Ndipo akanieleza nisilolijua. Mwaka ule wa kwanza hakupeleka sahani kwa wema. Aliipeleka ili amwumize Bi Zena. Ale, kila tonge, chakula cha mtoto aliyeuawa na mtoto wake. Wallahi ndivyo alivyosema, mama yangu huyu wa tasbihi. Bi Zena akaipokea, akafunga mlango. Jioni sahani ikarudi, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ilijaa vitumbua. Athumani alikuwa akivipenda kupita kiasi, mtaa mzima unajua. Mama akakaa navyo jikoni, akalia, akavila.

"Naye Bi Zena kapoteza mtoto," aliniambia. "Mimi wangu najua alipolala. Yeye hajui."

Tangu hapo ni kila mwaka. Mbaazi zinakwenda, vitumbua vinarudi. Hawajawahi kulizungumza.

Halafu akasema, "Mwambie asiandike. Mwambie apike."

Nuru akaingia, akaniuliza kama nalia. Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwambia Bibi neno kwa neno. Habari ya vitumbua pia nimempa, maana Mama hakunikataza. Akainamisha kichwa karibu kiguse meza, akakaa hivyohivyo. Niliona nimemmaliza.

Kisha akakusanya penseli, akazitia koponi, akafunika. Akasema miaka yote amewatafuta watu kama wale wawili, na sasa kawapata, hawataki kuandikwa. Akacheka kweli, siyo kicheko cha kujikaza. Akaniuliza mbaazi zinalowekwa kwa muda gani.

Siku ya Salim ni Ijumaa. Tuna wakati.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya Salim. Mbaazi tumezipata duka la Wahindi hapahapa Kenton. Tui la kopo, Mama asisikie. Bibi kang'ang'ania kusukuma mahamri mwenyewe. Mengine yamefura, mengine yamekataa katakata.

Akampakulia Salim kwanza. Bakuli dogo, pembe ya meza, glasi ya maji. Akafumba macho. Mimi nikasoma Fatiha. Safari hii sikuligusa bakuli mpaka yeye aliponipa.

Kisha nikajaza sahani, nikabisha mlango wa pili, kwa Bwana Jayant. Ni mzee aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake cha dukani bado kizima. "Leo kuna sherehe gani, mama?" Nikamwambia ni siku ya kaka yangu Salim, aliuawa. Miaka yote niliyokaa London sijawahi kulisema hilo mlangoni kwa mtu. Akasema pole, akaipokea sahani kwa mikono miwili.

Mchana Mama kanitumia sauti yake kwenye simu. Sahani imeshavuka ukuta. Bi Zena anaumwa magoti mwaka huu, lakini mchele wa vitumbua kauloweka tangu jana.

Sina hasira leo. Nimeitafuta, nikaona nimeshughulika na mbaazi.

Nimeosha vyombo. Bibi kalala kitini, unga bado shavuni, sikumfuta. Karibu na saa ya kutoka Bwana Jayant akagonga, karudisha sahani. Kachori tatu. Nimemwachia Bibi mbili chini ya kitambaa. Yangu nimeila kwenye basi.