Hema nilimokataa kulala

Jumanne, Julai 2015. Clairwood, huku kusini kabisa mwa bara. Jua la baridi lilikuwepo mchana, sasa umeme umekatika tena, na mimi nina wivu.

Nimeshaandika. Namwonea wivu Riziki, mdogo wangu wa tumbo moja.

Hema anamoishi nililishona mimi. Hapa karakana tunashona maturubai ya malori, lakini mwezi wa tatu alikuja mama mmoja mwenye shamba huko milimani, akataka kifuniko cha hema la duara. Kazi ilipokwisha akaniomba nikaishi humo msimu wa baridi, nimtunzie mbuzi. Nilikataa hata hajamaliza kusema. Miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi nililala chini ya turubai, na siku tuliyoondoka niliapa: sirudii. Riziki alilala chini ya turubai hilohilo. Akasema yeye ataenda.

Sasa mimi nina kuta nne, zote zimeota ukungu. Yeye ana jiko la kuni katikati ya nyumba, maji ya chemchemi, na picha Facebook: theluji mlangoni, yeye ndani ya blanketi anacheka. Na mashavu yamejaa! Wamama wa kanisani wananionyesha picha hizo kana kwamba mimi sina simu. Natabasamu mpaka taya zinauma.

Leo mchana alipiga. Theluji inayeyuka, mshono mmoja wa juu unavuja. Aliomba niende Jumamosi na sindano na uzi wa nta.

Nilifurahi.

Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba huko nako kuna kasoro. Nikamwambia Jumamosi nina kazi. Jumamosi karakana inafungwa, naye anajua. Hakubisha. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu mwema, kama analowa akilala.

“Hapana, yaya,” akasema, neno la kwetu la kumwita ndugu mkubwa. “Kwangu haivuji. Iko inavuja juu ya kitanda yako.”

“Kitanda gani?”

“Yako. Nilitandika tangu mwezi ya tano. Nilikuwa nangoja tu useme utakuja.”

Nilikata simu bila kuaga, nikalia juu ya turubai la watu.

Jioni nimempigia mara tatu. Simu yake imezimika; huichaji kwa jua, na jua limeshakuchwa. Basi ngoja kuche huko milimani, nimwambie naja. Sijui kama nitapata usingizi humo. Na wivu bado ninao. Nitaenda nao hivyohivyo.