Gari Lilipokwama, Mama Alikuwa Ananisubiri

Pajuranta, Ufini
9 Februari

Mdogo wangu mpendwa Ilmari,

Hujambo huko Brisbane? Wifi Noora na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, Tauno na mgongo wake, mimi na hasira zangu. Theluji imefika madirishani.

Ujumbe wako nimeusoma. Eti gari ningelipeleka servisi kwa waliotuuzia badala ya kwa binamu yetu Reijo, yasingenikuta. Umenichefua, nakwambia wazi. Reijo ana gereji iliyosajiliwa, anafuata ratiba ya kiwanda, anaweka oili ileile na risiti anatoa. Sheria inaruhusu gereji yoyote ya namna hiyo, na waranti inabaki palepale. Ulilijua hilo kabla ya kunisuta?

Giaboksi ilipokufa tulilivuta gari mpaka kwa hao waliotuuzia, nikamwachia Tauno maneno. Meneja wao, Lehtovaara, akamwambia waranti imekwisha kwa kuwa servisi haikufanywa kwao, kwa hiyo tulipe. Unajua shemeji yako alijibu nini? "Haya." Akanywa kahawa yao, akashukuru, akaomba lifti ya kurudi. Wanaume wetu hawa, kubishana mbele za watu kwao ni aibu kuliko kuibiwa.

Nikamwuliza, "Umekatwa ulimi?"

"Hilkka, yule bwana alikuwa na shughuli nyingi."

Nilimnunia mpaka supu ikapoa mezani.

Na mama yuko kule nyumba ya wazee, basi la kwenda huko hakuna, na usahaulifu wake unaujua. Asipolishwa na mimi hafungui mdomo. Gari likalala kwao wiki baada ya wiki, mimi nimekaa dirishani natukana theluji.

Mwishowe nikapanda lori la maziwa, nikaenda mwenyewe kwa hao wauzaji. Watu wamejaa, kimya, kama kawaida yetu. Nikapaza sauti: "Bwana Lehtovaara, juzi gari lako lilikuwa limeinuliwa likifanyiwa servisi gereji kwa Reijo. Na lako waranti imekwisha?"

Akainamia viatu vyake. "Mama, twende ofisini tukazungumze."

"Tutazungumza hapahapa."

Mzee mmoja kwenye foleni akacheka, na unajua kwetu mtu kucheka mbele ya wageni si jambo dogo. Giaboksi mpya ikafungwa bure.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Reijo anakusalimu, Tauno pia, kwa kutikisa kichwa tu.

Salamu za mama sina. Siku nilipopata gari nilikwenda moja kwa moja kwake. Amekonda, Ilmari. Nilimpelekea kijiko mdomoni, akakisukuma kwa adabu, akaniambia, "Ahsante, binti. Namsubiri Hilkka."

Mungu akulinde huko, na akulete upesi. Habari za gari usiniandikie tena.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Hilkka