Walituambia Moyo Umetulia: Kumkumbuka Msabaha Pazi

Mwaka umetimia sasa, Baba Mbaruku, tangu tulipokuzika hapa Bagamoyo, Agosti 1973. Watu wanasema tumeshapoa. Hatujapoa.

Miaka kumi na moja ulifanya kazi maabara, Dar es Salaam, kwa madaktari waliochunguza mioyo ya panya weupe. Kwa cheo ulikuwa mwosha vyombo tu, lakini macho hukuyaacha nyumbani. Ukirudi Jumamosi hukumpa mtu mkono. Ulimshika kifundo cha mkono, ukahesabu mapigo, ndipo ukauliza habari. Binti yako Tatu aliacha wali kila ulipoanza mambo ya panya.

Ulitueleza kwamba mtu akiumia, mishipa ya fahamu humwaga dawa yake, moyo ukaenda mbio. Huko maabara waliidondosha dawa hiyo juu ya mioyo iliyotundikwa kwenye maji ya chumvi. Wa panya kijana ulirukaruka, wa panya mzee ukajikokota vilevile. "Unaitwa, ila hausikii vizuri," ulisema.

Ulishastaafu, una miaka sabini, ulipoanguka kutoka ngazini ukiezeka banda. Mkeo Zaina na mwanao Mbaruku wakakupeleka zahanati. Mganga wa zamu alikuamkia, akakupima mapigo, akatabasamu.

"Moyo umetulia, mzee. Nenda kapumzike."

"Mwanangu, moyo wa mzee usiuamini. Tumbo linajaa."

Akacheka. Zaina, aliposikia "umetulia", alishusha pumzi. Kwake yeye moyo ukitulia ni heri, kama kwa mtu yeyote wa huku kwetu. Akakuvuta kanzu: "Baba Mbaruku, usibishane na wasomi. Tumshukuru Mungu."

Ukanyamaza. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani. Alasiri haikukukuta.

Yule mganga hakufika hata mazikoni. Tuna kinyongo naye, wala hatufichi. Lakini Zaina kinyongo chake kikubwa ni juu ya nafsi yake mwenyewe. Kila akimaliza kuswali anakuomba radhi kwa sauti, nasi tunatoka nje tusimsikie.

Wanaokukumbuka ni mkeo Zaina, wanao Mbaruku na Tatu, dada yako Mwanajuma wa Saadani, mkweo Alawi, na wajukuu. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba Mbaruku. Ulisema kweli, na sisi ndio tuliokunyamazisha.